Nyumba, Kichwa na Chungu

Kiswahili kinahesabu wake kwa nyumba. Ukisikia mzee fulani ana nyumba tatu, huwazi matofali wala mabati. Kijana akioa, wenzake husema amepata jiko. Mume huitwa mwenye nyumba hata pale alipopanga chumba kimoja Dumila, wilayani Kilosa, na mwenye nyumba wa kweli huja kugonga mlango kila mwisho wa mwezi. Tumezoea kuyachukua maneno haya kama utani. Lakini mtu akifuatilia jinsi serikali zilivyowatoza watu wa Kilosa, na baadaye zikaanza kuwagawia, ataona kwamba kwa zaidi ya miaka 120 maofisa wamekuwa wakihangaika na jambo lile lile lililomo kwenye utani huo: mtu mmoja ni nani? Ni nyumba, ni kichwa, au ni chungu kinachoinjikwa jikoni? Kila jibu lilimpa nafuu mwenye mke likamkaba kapera, au likafanya kinyume chake. Na mara nyingi aliyekabwa kuliko wote alikuwa mwanamke ambaye kitabu cha serikali hakikujua kimwandike ukurasa gani.

Tuanze na nyumba zenyewe. Wilaya ya Kilosa imelala kwenye bonde la Mto Mkondoa, kaskazini ikipakana na milima ya Ukaguru, magharibi Usagara, kusini safu ya Vidunda. Mikumi, mji mdogo wa barabarani ambao wasafiri wengi huujua kwa twiga na tembo, uko ndani ya wilaya hiyo hiyo, na jina lake limetokana na miti ya jamii ya mivumo iliyojaa kwenye mbuga zake. Wenyeji wa kale wa eneo hili, Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, kama jirani zao Waluguru, hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa kwao mama. Mjomba ana sauti ambayo baba hana. Mwanamke aliyeachwa au kufiwa na mume hurudi kwa nduguze, akajengewa kibanda karibu na kaka yake, akalima shamba la ukoo wake. Kwa hiyo ukifika kwenye mji wa mtu ungeweza kukuta vibanda vinne: kimoja cha mke, kimoja cha mke mwenza, kimoja cha dada aliyerudi na watoto wake, kimoja cha mama mzazi. Kila kimoja kina jiko lake. Kwa mwenyeji hapakuwa na utata wowote. Kwa karani aliyetumwa kuhesabu, vyote vilikuwa vibanda vinne na mwanamume mmoja.

Karani huyo alikuja kwa njia ya karatasi. Novemba 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya alama za machifu kwenye mikataba, na mmojawapo alikuwa Mangungo wa Msowero, kijiji ambacho leo ni cha Kilosa. Kila mwanafunzi wa darasa la historia Tanzania amekariri jina hilo kama mfano wa kutapeliwa, na mimi sina la kuongeza. Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Miaka michache baadaye kampuni ikashindwa kazi, serikali ya Berlin ikachukua hatamu yenyewe, na serikali huhitaji fedha.

Mwaka 1897 Gavana Eduard von Liebert alitangaza kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa Aprili 1898. Kibanda cha kijijini kililipiwa rupia 3 kwa mwaka. Nyumba za mjini zaidi. Asiye na rupia aliruhusiwa mwanzoni kulipa kwa mazao au kwa kazi, na maakida na majumbe ndio waliosimamia ukusanyaji. Tazama sasa hesabu yake. Kibanda cha kapera kililipa rupia 3. Kibanda cha mume, mke, watoto watano na bibi kililipa rupia 3 zile zile. Mwenye wake watatu, kwa kuwa kila mke hujengewa kwake, alilipa rupia 9. Hakuna aliyekaa Dar es Salaam kupanga kwamba ndoa ya mke mmoja yenye watoto wengi ipewe unafuu, lakini ndivyo rupia zilivyoamua.

Watu walifanya walichoweza: walibanana. Kijana ambaye zamani angejijengea banda lake kabla ya kuoa sasa aliendelea kulala kwa wazazi. Vibanda viwili viligeuzwa kimoja. Katika sehemu nyingi za koloni maofisa walilalamika kwamba nyumba zinapungua na watu hawapungui. Wake wenza waliozoea kila mmoja jiko lake walijikuta chini ya paa moja, na yeyote aliyelelewa kwenye mji wa ukewenza atakuambia kwamba gharama ya jambo hilo haihesabiki kwa rupia.

Mwaka 1905 Gavana Gustav Adolf von Götzen akaja na dawa ya kubanana: kodi ikamfuata mwanamume mzima, kichwa kwa kichwa, rupia 3. Kwa siku moja kapera aliyejificha kwa mama yake akawa sawa na mume. Kodi hiyo ilishuka juu ya migongo iliyokwisha kubebeshwa kazi ya lazima na mashamba ya pamba ya amri, na mwezi Julai mwaka huo vita vya Majimaji vikalipuka Umatumbi. Wavidunda, juu ya Mikumi ya leo, walijiunga. Yaliyofuata, kuchomwa kwa vyakula na njaa iliyoua wengi kuliko risasi, yameandikwa na wengine vizuri. Kwa habari yetu linatosha hili: vita viliacha wajane wengi, na kodi haikuwa na jina la kuwaita.

Waingereza waliiteka Kilosa Agosti 1916, na walipotulia wakaandika sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Hii ndiyo sehemu ninayoiona tajiri kuliko zote, kwa sababu Waingereza walijaribu kuziba matundu yote mawili ya Wajerumani kwa mpigo. Mwenye nyumba alilipa kodi ya nyumba. Mwanamume mzima asiye na nyumba, yaani hasa kapera, alilipa kodi ya kichwa, hivyo hakukuwa na faida tena ya kulala kwa mama. Na mwenye wake zaidi ya mmoja alilipa nyongeza kwa kila mke aliyezidi, awe na nyumba yake au amebanwa pamoja na mwenzake. Viwango vya shilingi vilitofautiana wilaya kwa wilaya kadiri serikali ilivyoona uwezo wa watu, lakini mfumo ulikuwa mmoja, na sheria ilipoandikwa upya mwaka 1934 wazo la kumtoza mtu kwa wake zake lilibaki.

Ukiangalia juu juu utasema Waingereza walimkomoa mwenye mitala na kumlinda mwenye mke mmoja. Wamisionari waliotapakaa Ukaguru tangu miaka ya 1870, kuanzia Mpwapwa hadi Mamboya, wangefurahi kuisoma hivyo. Lakini serikali haikuwa na haraka ya kuona mitala inakwisha, maana kila mke wa pili alikuwa shilingi kadhaa mfukoni mwa hazina. Iliikemea ndoa hiyo na kuila.

Hebu turudi kwenye ule mji wenye vibanda vinne. Mke wa kwanza: nyumba moja, sawa. Mke wa pili: nyongeza. Dada aliyerudi: huyu ni nani? Kama ana kibanda chake, kwa sheria kibanda kina mwenyewe na mwenyewe ni yeye, hivyo kodi ni yake. Au kaka yake amlipie. Au bwana shauri, yaani ofisa wa serikali wilayani, amsamehe kwa umaskini, maana sheria ilimpa uwezo huo kwa wazee, wagonjwa na mafukara. Karani angewezaje kujua kama mwanamke wa kibanda cha tatu ni dada kweli au ni mke wa tatu aliyebatizwa udada kwa ajili ya msimu wa kodi? Katika nchi ya ukoo wa baba, dada mtu mzima akiishi kwa kaka yake angeulizwa maswali. Katika Ukaguru na Usagara ndipo mahali pake hasa. Mila ya wenyeji ilimpa kila mtu neno la kumjibu karani, na neno hilo mara nyingi lilikuwa la kweli. Mwanazuoni wa Marekani T. O. Beidelman, aliyeishi Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandika kitabu kizima juu ya jamii za ukoo wa mama za mashariki mwa Tanzania, aliwaeleza wasomaji wake jinsi nyumba za Wakaguru zinavyopangika. Ukisoma kazi ya namna hiyo ukiwa na daftari la kodi pembeni, unaona wazi kwamba daftari lilikuwa linauliza swali ambalo mji ule haukujengwa kulijibu.

Jambo hili halikuwa la Kilosa peke yake. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walitoza kodi ya ziada kwa wake wa mitala tangu mwaka 1910 huko Kongo, na mwaka 1950 wakaipiga marufuku kabisa ndoa mpya ya mitala. Sheria ilipomkataa mke wa pili, yeye hakutoweka, aliandikwa upya. Usumbura, mji ambao sasa ni Bujumbura, maofisa wa Kibelgiji walikuwa na kodi ya wanawake waliohesabiwa kwamba wanaishi peke yao, kodi iliyonuka harufu ya kuwaita makahaba. Katika mtaa wa Buyenzi walikokaa Waswahili, Waislamu wengi wao, wajane wenye heshima zao na wanawake walioolewa kwa ndoa ya dini wakajikuta kwenye orodha hiyo. Walikataa kulipa, wakasimama hadharani kuipinga, na fedheha ya jina iliwauma kuliko fedha. Nadhani wanawake wa Buyenzi walielewa kitu ambacho mabaraza ya kodi hayakielewi hata leo: safu unayowekwa kwenye daftari ni maoni ya mtu fulani juu ya maisha yako.

Sasa tuingie kwenye mkonge. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na kusonga kupita Kilosa hadi ikaishia Kigoma mwaka 1914. Pembezoni mwake mashamba ya mkonge yalisambaa: Kimamba, Rudewa, Msowero. Waliokata mkonge ule wengi hawakuwa wenyeji. Walitoka Kigoma, Iringa, Njombe, Songea, hata Msumbiji, wakaitwa manamba kwa ile namba waliyopewa walipoandikishwa, na kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU ndiyo iliyokwenda kuwaajiri mikoani. Manamba alipewa kipande chenye siku 30 za kazi, posho ya unga na maharage, na kitanda kambini. Mshahara wake ulipigiwa hesabu ya tumbo moja. Mkewe aliyebaki Kasulu au Njombe alitarajiwa kujilisha kwa jembe lake mwenyewe na kuwalisha watoto, na mume akizeeka au akivunjika mguu, kumlisha na yeye pia.

Hapa ndipo hesabu ya ukoloni inapojionyesha uchi. Mwajiri alimlipa mtu huyu kama kapera. Boma la kwao lilimtoza kama mume. Kwenye mshahara mkewe hakuwepo. Kwenye kodi alikuwepo, na kama alikuwa na wawili walikuwepo wote wawili. Na shilingi za kodi ndizo hasa zilizomtoa kwao akapanda treni.

Maofisa wenyewe waliliona. Kenya mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, ilisema wazi kwamba kiwango cha chini cha mshahara kilikuwa kimepimwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, na ikapendekeza kiwe cha kutunza familia, hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka kumi. Tanganyika ilisubiri uhuru. Mwaka 1962 bodi ya kima cha chini iliyoongozwa na Chesworth ilipandisha mishahara, na wenye mkonge wakajibu kwa kupunguza watu. Waliobaki waliweza kuleta wake zao. Baadhi ya vijiji vya Kilosa vyenye majina ya Kiha na Kibena kwenye daftari la shule vilianzia hapo, kambi ya makapera iliyogeuka kuwa kijiji cha wajukuu.

Wakati huo huo kulikuwa na kodi nyingine ambayo manamba hakuwahi kuisikia. Kodi ya mapato iliingia Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kuanzia mwaka 1952 ikawa chini ya sheria moja ya Afrika Mashariki. Sheria hiyo ilikuwa na unafuu wa aina mbili, mdogo kwa mseja na mkubwa kwa mwenye mke, na nyongeza kwa watoto. Ilikuwa nakala ya sheria ya Uingereza hata kwenye hili: mapato ya mke aliyeishi na mumewe yalihesabiwa kuwa ya mume. Uingereza yenyewe haikuliacha hilo mpaka Aprili 1990, na Kenya ililirithi katika kifungu cha 45 cha sheria yake. Kwa hiyo katika nchi moja, mwaka mmoja, kuoa kulimpunguzia kodi karani Mzungu wa reli Kilosa na kumwongezea mkulima wa Vidunda aliyeoa mara ya pili. Sijui kama waliwahi kulizungumza hilo kituoni.

Kodi ya wake iliachwa taratibu katika miaka ya 1950, ilipokuja kodi ya mtu binafsi iliyofuata kipato, pamoja na ushuru wa halmashauri. Baada ya uhuru, ushuru huo nao ukachosha watu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Mwalimu Nyerere ikaufuta. Mwaka 1972 hata halmashauri zenyewe zikavunjwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi kichwa cha mkulima wa Kilosa hakikuwa na bei.

Kilirudi kuwa nayo mwaka 1984. Halmashauri zilikuwa zimefufuliwa kwa sheria za mwaka 1982, hazikuwa na fedha, na kodi ya maendeleo ikawa jibu. Iliwahusu watu wazima wote waliotimiza miaka 18, wanaume kwa wanawake. Kwenye karatasi hii ndiyo kodi ya haki kuliko zote tulizopitia: haiulizi umeoa au hujaoa, haihesabu wake, haimwiti dada mke. Kila kichwa na chake. Lakini fedha taslimu katika nyumba ya mkulima haigawanyiki sawasawa na vichwa. Mpunga ukiuzwa, mara nyingi shilingi hupita mkononi mwa mume. Kwa hiyo nyumba ya wawili ilikuwa na risiti mbili za kutafuta kutoka kwenye gunia moja, na mwanamke asiye na mume alikuwa na risiti moja ya kutafuta kutoka kwenye pombe ya kuuza au vibarua vya kupalilia.

Watu wa umri wangu wanaikumbuka kodi hiyo kwa mgambo. Barabara zilifungwa kwa kamba au gogo, na asiye na risiti akakalishwa chini juani. Wanaume walilala mashambani. Wengine waliahirisha kwenda gulioni mpaka msako upite. Mtafiti wa Norway Odd-Helge Fjeldstad na Mtanzania Joseph Semboja waliichunguza hali hii, na Kilosa ilikuwa miongoni mwa wilaya walizozifanyia kazi. Katika makala yao ya mwaka 2001 juu ya kwa nini watu hulipa kodi ya maendeleo, walionyesha kwamba uwezo wa kulipa na hofu ya kukamatwa vilisukuma watu kulipa, lakini ukali wa ukusanyaji na huduma zisizoonekana viliwajaza ukaidi. Mtu aliyelipa kila mwaka na zahanati bado haina panadol hukosa sababu ya kulipa mwaka wa sita. Mwaka 2003, Waziri wa Fedha Basil Mramba aliifuta kodi hiyo, na kichwa kikapumzika.

Tangu hapo hadithi imegeuka. Serikali imeanza kutoa, na imechagua kipimo cha tatu, ambacho si nyumba wala kichwa. Ni kaya.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF kwa kila mtu, ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa na visima. Mwaka 2010 ulijaribu kugawa fedha kwa masharti Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na kuanzia mwaka 2013 ukapanuka nchi nzima kama Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ukafikia kaya zipatazo milioni 1.1 katika miaka miwili hivi. Kilosa nayo imo. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, na waliopendelewa kuyapokea kwa niaba ya kaya ni wanawake. Kwa mtu aliyesoma historia tuliyoipitia, hilo pekee ni mapinduzi: yule ambaye boma lilimwandika kama nyongeza ya mume wake sasa ndiye anayeweka kidole kwenye karatasi.

TASAF haidai cheti cha ndoa. Kaya kwake ni wale wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Katika awamu ya kwanza ya mpango huo kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi kama msingi. Yenye mtoto chini ya miaka 18 iliongezewa 4,000. Mtoto mchanga anayepelekwa kliniki aliongeza 4,000, mwanafunzi wa msingi 2,000 kila mmoja, wa sekondari zaidi, na kikomo cha yote kilikuwa 38,000. Kaya yenye mtoto wa kliniki na wanafunzi watatu wa msingi ilifikia 24,000. Fedha iliwafuata watoto, na sina ugomvi na hilo; mama aliyeachwa na watoto wanne alikuwa na nafasi ya kupata zaidi ya mume na mke wasio na mtoto, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Ugomvi uko kwenye ile 10,000. Bibi anayeishi peke yake Ulaya, kata mojawapo ya Kilosa na si bara la Wazungu, alipata 10,000. Babu na bibi wanaokula pamoja walipata 10,000, maana yake 5,000 kila mmoja. Kama wangetengana, kila mtu na kibanda chake na chungu chake, wangekuwa kaya mbili na wangepata 20,000. Rupia za Liebert ziliwabana watu chini ya paa moja, na shilingi za TASAF ziliwaambia, kwa sauti ya chini sana, watoke. Sisemi watu wazima wanavunja ndoa kwa shilingi 10,000. Lakini mkutano wa kijiji unaokaa kutaja kaya maskini unajua vizuri nani amejitenga kweli na nani ana vyungu viwili kwa ajili ya orodha.

Na mitala je? Nenda kwenye boma la wafugaji wa Kiparakuyo wa Twatwatwa, Kilosa, ambako mzee mmoja ana wake wanne na kila mke ana nyumba yake ndani ya ua mmoja wa ng'ombe. Ukihesabu ua ni kaya moja tajiri. Ukihesabu majiko ni kaya nne, na huenda tatu kati yake hazioni maziwa ya ng'ombe wale ipasavyo. Karani wa 1922 na mwandikishaji wa leo wangeweza kusimama pamoja kwenye lango hilo na kutazamana.

Upande wa michango kaya humgeuka kapera. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya hadi watu sita. Kaya ya watu sita, 5,000 kila mtu. Kijana aliyepanga peke yake Ruaha au Kidodi, yote 30,000. Makapera wengi walitatua hilo kwa kujiandikisha kwa dada au kwa mama, yaani walirudi kulala kwa mama, safari hii kwenye kompyuta. Mwajiriwa wa serikali kwenye bima ya taifa yuko karibu na hapo: mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu akitoa yeye na nusu mwajiri, awe ana mwenzi na wategemezi wanne au hana hata mmoja.

Kodi ya mshahara, kwa upande wake, imerudi kwenye kichwa, na makato ya mshahara hayaulizi ndoa. Kwa viwango vya tangu Julai 2021, 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi, kisha asilimia 8 hadi 520,000, kisha 20, 25 na 30. Tuseme mwalimu na nesi wa Kilosa mjini wameoana, kila mmoja ana mshahara wa kutozwa kodi wa 400,000. Kila mmoja anakatwa 10,400. Nyumba yao inakatwa 20,800. Sasa tuseme mhudumu wa utalii Mikumi analipwa 800,000 na mkewe analea watoto na kulima bustani. Yeye anakatwa 78,000. Nyumba mbili, kipato kile kile cha 800,000, na moja inalipa karibu mara nne ya nyingine kwa sababu kazi ya mke mmoja ina hati ya mshahara na ya mwingine haina. Kapera wa 800,000 anakatwa 78,000 vilevile, ila hana wa kumgawia zilizobaki. Jambo lililopatikana ni kubwa, nesi yule si tena kipande cha mapato ya mumewe. Gharama yake inalipwa kule ambako mke yuko bustanini.

Zanzibar ilichagua kichwa kwenye kutoa pia. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni jamii, 20,000 kwa mwezi mwanzoni, 50,000 tangu mwaka 2023. Haiulizwi nani anapika na nani. Babu na bibi wale wa Ulaya ya Kilosa, kama wangezeekea Makunduchi, wangeamka asubuhi ya siku ya malipo wakachukua fimbo zao na kwenda kupanga foleni wote wawili, kila mtu na kitambulisho chake, kisha wakarudi nyumbani kula chungu kimoja.